Mtama wa Danieli

Katika Biblia ya Kiswahili cha Muungano, ile iliyokamilika mwaka 1952 na ambayo wazee wengi wa makanisa ya Kiprotestanti wangali wanaibeba kwapani kila Jumapili, Danieli anapokataa chakula cha mfalme wa Babeli haombi mboga. Anaomba mtama. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya ombi hilo ni pana, lina maana ya vitu vilivyopandwa, vyakula vya mbegu. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliliona kuwa ni jamii ya kunde na dengu. Wafasiri wa Kiingereza wa leo huandika mboga tu. Waliolileta katika Kiswahili walichagua nafaka ambayo Mgogo wa Dodoma na Mkamba wa Kitui wangeitambua bila kuelezwa. Msomaji aliyekulia ugali wa mtama hahitaji mahubiri marefu ili aelewe kilichotokea Babeli: vijana wanne walikuwa ugenini, wakaomba kula kama watu wa kwao.

Lipo jambo la pili katika sura hiyo, na wahubiri wa afya hulipita haraka. Baada ya siku 10 za mtama na maji vijana wale hawakupungua. Walinenepa. Kiebrania chenyewe kinasema kwamba miili yao ilinona kuliko ya waliokula mezani pa mfalme, na Kiswahili hakikuona haya kuufuata usemi huo. Tena kilichomsumbua Danieli hakikuwa uzito wala presha. Alikuwa anakwepa kutiwa unajisi na chakula cha mtu aliyeuteka mji wake. Afya ilikuja baadaye kama ushahidi wa kumtuliza msimamizi aliyeogopa kukatwa kichwa. Mtu akitaka kujenga mpango wa kupunguza mwili juu ya sura hii inambidi aanze kwa kuyafumbia macho maneno yake.

Hata hivyo mpango huo ulijengwa, na ulienea sana. Rick Warren, aliyekuwa mchungaji wa kanisa la Saddleback huko California hadi mwaka 2022, amesimulia mara nyingi jinsi alivyobatiza kwa kuzamisha watu zaidi ya 800 katika siku moja, na kwa kuwainua mmoja mmoja kutoka majini akatambua jinsi walivyokuwa wazito, kisha akatambua kwamba naye ni mmoja wao. Mwanzoni mwa mwaka 2011 akawaita madaktari, akaanzisha katika kanisa lake kile alichokiita Mpango wa Danieli, na maelfu ya waumini wakajiandikisha. Mwaka 2013 kikatoka kitabu. Kanisa lilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza waumini walikuwa wamepunguza kwa jumla pauni 250,000. Ni rahisi kwa msomi kuicheka takwimu ya namna hiyo, kana kwamba neema imewekwa kwenye mizani ya mchinjaji. Kuicheka kungekuwa uonevu. Mchungaji aliyekiri mbele ya kundi kubwa kiasi hicho kwamba mwili wake umemshinda alifanya jambo ambalo viongozi wengi wa dini hawalithubutu, na waliopona kwa sababu yake ni watu kweli.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwezi Juni mwaka 1863, katika nyumba moja ya Otsego, Michigan, Ellen White alipata maono ambayo wafuasi wake wanayahesabu kuwa chanzo cha mafundisho ya afya ya Waadventista Wasabato. Miaka 3 baadaye ikafunguliwa taasisi ya tiba huko Battle Creek, na mwaka 1876 ikakabidhiwa kwa daktari kijana, John Harvey Kellogg, aliyewalisha wagonjwa wake nafaka na karanga na kuwafanyisha mazoezi ya viungo. Ndugu yake Will aliona biashara mahali ambapo daktari aliona tiba. Walikosana, na miongoni mwa mambo waliyokosania ni sukari: Will alitaka itiwe katika vipande vya mahindi ili viuzike. Mwaka 1906 akaanzisha kampuni yake, na leo mtoto wa Dar es Salaam au Muscat anayekula asubuhi bakuli la nafaka zenye sukari anakula, bila kujua, mabaki ya ugomvi wa kidini wa Michigan.

Wasabato wenyewe walifika Upare mwaka 1903 na Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1906. Majirani wa Afrika Mashariki huwatambua kwa wasichokitia kinywani, yaani nguruwe, pombe, tumbaku, na kwa wale wakali zaidi hata chai na kahawa. Utani juu yao ni mwingi. Lakini watafiti waliowafuatilia Wasabato wa California kuanzia miaka ya 1970 waliandika mwaka 2001 kwamba wanaume wao waliishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine weupe wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4 zaidi. Mtani inampasa anyamaze kidogo hapo. Na inampasa aone pia kile ambacho takwimu inakificha: watu hao hawakuishi kwa dengu peke yake. Walikuwa na siku moja katika juma ambayo hakuna aliyefanya kazi, walikula pamoja, walioana wenyewe kwa wenyewe, na aliyetaka kuacha sigara alikuwa amezungukwa na watu ambao hakuna hata mmoja aliyevuta.

Sasa mafundisho haya yanapohamia katika Kiswahili hayakuti uwanja mtupu. Yanakuta maneno ambayo tayari yana kazi zake. Uzima ni moja. Mtu akiulizwa hali hujibu kwamba ni mzima, na neno hilo hilo ndilo Biblia inalolitumia kwa uhai usio na mwisho. Mwenye lugha hii hana haja ya kushawishiwa kwamba wokovu unahusu mwili. Amekwisha kulisema hilo tangu alipoamka na kumsalimu jirani. Neno gumu ni jingine: kunenepa. Mtu akirudi safarini akaambiwa amenenepa, amesifiwa. Maana yake ni kwamba huko alikokwenda walimtunza, hakulala njaa, hakuugua. Akikonda, watu wanateremsha sauti.

Kizazi kizima kilijifunza kuiteremsha sauti hiyo kwa namna ya kutisha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, mkoani Kagera. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo Slim, kwa neno la Kiingereza la wembamba ambalo matangazo ya vipodozi hulitumia kwa furaha. Kwa zaidi ya miaka 20, kukonda katika nchi za Maziwa Makuu kulikuwa ni habari ya msiba inayotangulia msiba. Mwanamke aliyezika ndugu zake katika miaka hiyo, kisha akahamia Minnesota au Leicester, anapoambiwa na muuguzi mwenye tabasamu kwamba ingefaa apunguze kilo 15, hasikii ushauri wa lishe. Anasikia kitu ambacho muuguzi hakukisema. Mchungaji asiyelijua hili ataendelea kushangaa kwa nini waumini wake wanaitikia amina na hawafanyi lolote.

Mfano uliopo karibu ni wa ushirika mmoja wa wasema Kiswahili katika jimbo la Kentucky, watu wa Fizi na Uvira na Kalemie, pamoja na Warundi wachache. Wengi walipitia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 katika mkoa wa Kigoma, na wapo waliokaa humo miaka 15, miaka 18, hata watoto waliozaliwa kambini wakawa na watoto wao. Huko chakula kilikuwa posho: unga wa mahindi, kunde au njegere, mafuta na chumvi, kwa kipimo, na kipimo hicho kilipunguzwa kila wafadhili walipochoka. Kutoka nje ya kambi kwenda kulima hakukuruhusiwa. Wakaletwa Marekani, wakapewa nyumba karibu na barabara kuu isiyo na njia ya waendao kwa miguu, wakapata kazi katika maghala na viwanda vya nyama, zamu ya usiku, na duka lililokuwa karibu likawa lile la kituo cha mafuta. Mtu aliyetembea kilomita 10 kwa siku kutafuta kuni akawa hatembei hata 1. Watu hawa hawana ibada ya Jumapili asubuhi, kwa kuwa jengo si lao. Wanasali alasiri, wenyeji Wamarekani wakishaondoka, kisha wanashuka katika ukumbi ulio chini ya kanisa kula.

Meza hiyo ya chini inastahili kuelezwa, kwa maana ndiyo kiini cha shauri lote. Kuna bugali mweupe uliofunikwa kwa kitambaa, wali wa mafuta, sombe iliyopikwa kwa mawese mpaka ikawa na rangi ya kutu, samaki wa kukaanga, kuku, ndizi, sambusa za mama mmoja aliyejifunza kwa Wasomali, na mwishoni mwa meza makasha ya soda. Soda ndiyo heshima yenyewe. Kambini chupa moja ilikuwa ya harusi, nayo iligawanywa. Hapa baba wa familia anaweza kuweka kasha zima, na anapoliweka anajibu maswali mengi ambayo hakuna aliyeyauliza. Anayeketi mezani haulizwi kama anataka. Anapakuliwa. Sahani ikirudi na chakula, aliyepika huuliza kama kuna ubaya.

Mwezi Januari kanisa mwenyeji liliwaalika katika Mpango wa Danieli. Yalikuwa maalikwa ya upendo, na ni vema kusema hivyo waziwazi, kwa sababu simulizi za namna hii hupenda kumfanya Mmarekani kuwa mpumbavu. Mwalimu aliyekuja alikuwa mama mstaafu, muuguzi kwa miaka mingi, na alikuja na vipeperushi, mizani na kijana wa ushirika huo kuwa mkalimani. Alisema kwamba mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kijana akakalimani: mwili wako. Mzee mmoja katika safu ya mbele, mwenye Biblia ya Muungano aliyoipata kambini, akainua mkono.

"Mwanangu, hapa haikuandikwa wako. Imeandikwa wenu."

Kijana akamweleza mwalimu. Mwalimu akatazama Biblia yake ya Kiingereza, akasema kwamba ni neno lile lile. Na kwa Kiingereza alikuwa na haki: kiwakilishi chake hakitofautishi mtu mmoja na watu wengi. Kiswahili kinatofautisha, sawa na Kigiriki cha Paulo, na wafasiri wa Muungano waliandika kile kilichokuwapo, mwili mmoja wa watu wengi: mwili wenu. Tafsiri nyingine, za Kiingereza na za Kiswahili pia, zimeirekebisha sarufi hiyo ya ajabu na kuandika miili. Wajuzi wa Kigiriki watasema kwamba umoja huo ni desturi ya kawaida ya lugha, kila mtu na mwili wake, na huenda wana haki. Lakini sura ya 3 ya waraka huo huo haina njia ya kukwepa: hekalu pale ni kusanyiko zima. Na sura ya 6, ambayo ndiyo inayonukuliwa katika vipeperushi vya lishe, kwa kweli inazungumzia zinaa. Chakula kimetajwa kwa kupita tu.

Anayetafuta neno la Paulo kuhusu kula mpaka kuugua hana budi kwenda mbele, sura ya 11. Huko Korintho walikuwa wanakutana kula Chakula cha Bwana, na wenye nacho waliwahi kufika wakala na kunywa mpaka wakalewa, huku watumwa na vibarua, waliotoka kazini jioni, wakikuta vyombo vitupu. Paulo hatoi orodha ya vyakula. Anasema kwamba kwa sababu ya meza hiyo wengi wao ni dhaifu na wagonjwa, na wengine wamelala mauti, kwa kuwa wanakula pasipo kuupambanua mwili. Mwili upi? Wafafanuzi wamebishana kwa karne nyingi kama ni ule wa msalabani au ule ulioketi mezani, na namna wanavyobishana inaonyesha kwamba Paulo hakutaka kuvitenganisha. Meza yaweza kuua. Haiui kwa mafuta peke yake. Inaua pale ambapo waliokaa pamoja hawaonani.

Katika ushirika ule wa Kentucky alikuwapo aliyekuwa haonekani. Mama Shemasi, kama anavyoitwa na wote, mwanamke wa miaka 50 na kitu, alikuwa na kisukari kwa miaka 4 bila kumwambia mtu isipokuwa binti yake aliyemkalimania kwa daktari. Alisimamia meza. Alipopakuliwa alikula, na soda alipopewa aliinywa, kwa kuwa aliyempa alikuwa kijana aliyepata kazi juma lile na kasha lilikuwa la shukrani. Kukataa kungetaka maelezo, na maelezo yangefika Nyarugusu kwa simu kabla ya jioni. Nyumbani alijitahidi. Jumapili ilibomoa kazi ya siku 6. Kisha kidonda kidogo kwenye mguu wa kushoto, kilichotokana na kiatu, kikakaa bila maumivu, kwa kuwa sukari ilikuwa imekwisha kuua fahamu za mguu. Alipokwenda hospitali walimkata vidole 2.

Ushirika mzima ulikuja wodini na vyungu. Hapo ndipo mambo yalipojulikana, kwa kuwa muuguzi aliwazuia mlangoni na binti akalazimika kusema sababu. Mzee yule mwenye Biblia ya Muungano, wanavyosimulia waliokuwapo, alikaa kwenye kiti cha korido akauliza jambo moja tu: "Miaka minne tulikuwa tunamlisha nini?"

Swali hilo lilifanya kazi ambayo vipeperushi havikuweza. Si kwamba kulifuata badiliko kubwa, na anayetaka simulizi ya ushindi aitafute kwingine. Walianza na maji. Jagi za maji ziliwekwa katikati ya meza na soda ikahamishiwa pembeni, mahali ambapo mtu inambidi anyanyuke kuifuata. Wanawake wanaopika walikubaliana, baada ya ubishi wa majuma mawili kuhusu mawese, kwamba chungu kimoja cha sombe kipikwe kwa mafuta nusu, na kwamba chungu hicho kiwekwe mbele na wala si kando kama chakula cha wagonjwa. Hilo la mwisho lilikuwa wazo la Mama Shemasi mwenyewe. Alisema kwamba hatakula sahani ya peke yake. Ikiwa kuna chakula chake, basi wote wakile. Maharage yalirudi. Wengine walilalamika kwamba hawakuvuka bahari ili wale posho, na lalamiko hilo si la kudharauliwa. Mtu aliyelishwa njegere kwa miaka 15 bila hiari yake ana haki ya kuiona njegere kuwa ni kambi. Danieli alichagua mtama wake, wao walipimiwa. Tofauti hiyo mwalimu wa mpango hakuwa na namna ya kuijua, na hakuna kipeperushi kinachoitaja.

Mazoezi yalikuwa magumu zaidi kuliko chakula. Neno lenyewe lina harufu ya shule na jeshi. Mtu anayesimama saa 10 za usiku mbele ya mkanda wa kiwanda hawezi kuelezwa kwamba mwili wake haufanyi kazi. Jimu iliyokuwa karibu ilikuwa na bei, vioo na nguo za kubana. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, na wachungaji wavivu wameishi kwa neno hilo kidogo kwa furaha, wakisahau kwamba faida kidogo bado ni faida, na kwamba huyo huyo Paulo aliwaandikia Wakorintho, majirani wa michezo ya Isthmia, kwa lugha ya mkimbiaji na mpiga ngumi. Lililowezekana Kentucky lilikuwa kuimba. Kwaya ilikuwa imezoea kuingia kwa kucheza, hatua mbili mbele na moja nyuma. Wakaanza kuingia kutoka mbali zaidi. Kati ya ibada na chakula wanawake, na baadaye vijana, na wanaume wawili watatu kwa aibu, wakawa wanazunguka uwanja wa kuegeshea magari wakiimba, mara 6, mara 8, wakati wa baridi wakiwa na makoti juu ya vitenge. Jirani mmoja aliita polisi mara ya kwanza. Polisi alikuja, akasikiliza ubeti mmoja, akaondoka.

Hapa wasomi wa ibada za Kiafrika wangeweza kusema mengi, na kwa sehemu kubwa wangekuwa sahihi. Kila mwaka mahujaji wengi huenda Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni kwa miguu, wengine kutoka Kenya na Tanzania, mwendo wa siku nyingi, na hakuna anayeuita mwendo huo mazoezi. Unaitwa hija. Mwili unafanya kazi ile ile, moyo unadunda vile vile, ila aliyechoka anashikwa mkono na anayeimba.

Liko shauri moja ambalo ushirika huo haujalitatua, nalo ni zito kuliko soda. Ni kufunga. Kutoka sura ya 10 ya kitabu cha Danieli, ambako nabii anaomboleza majuma 3 bila chakula kitamu, makanisa mengi yamechukua funga ya siku 21 ya mwezi Januari, na kwa wengine funga hiyo imekuwa ya kutokula kabisa mpaka jioni. Mtu anayejidunga insulini asubuhi kisha akakaa bila kula anaweza kuzimia kabla ya sala ya mchana. Waislamu, ambao wasomaji wengi wa Kiswahili ni wao au ni jirani zao, wana jambo hili limeandikwa: Kurani inamwondolea mgonjwa wajibu wa kufunga, na hakuna shehe anayehitaji ujasiri kumwambia mgonjwa ale. Wakatoliki nao wana kanuni zao za Kwaresima na misamaha yake. Katika makanisa ya kilokole hakuna kanuni. Kuna dhamiri tu. Dhamiri ya mtu mnyenyekevu ni mwajiri mkali kuliko sheria. Mama Shemasi, vidole vikiwa vimepona, alifunga siku 9 za Januari iliyofuata kabla binti yake hajagundua. Alipoulizwa alisema kwamba hakuna aliyemkataza.

Na kweli hakuna. Mchungaji alikuwa amesema kwa faragha kwamba wagonjwa wasijilazimishe. Hakuwa amelisema mimbarani, akihofu kwamba wazima nao wangejiita wagonjwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haifai kulindwa kwa mguu wa mtu mwingine. Paulo alipoandika kwa Timotheo, katika barua ile ile ya faida kidogo, alimwambia aache kunywa maji matupu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara. Yaelekea kijana yule alikuwa amejifunga kwa nadhiri kali kuliko alivyoagizwa. Mkubwa wake hakumwachia dhamiri. Alimwandikia, kwa jina, katika barua ambayo baadaye ilisomwa makanisani kote.

Mwishoni mwa majuma ya mpango, kanisa mwenyeji lilituma fomu. Ilikuwa na mistari kwa kila mshiriki na safu moja ya kujaza pauni zilizopunguzwa, ili jumla itangazwe Jumapili. Kijana mkalimani alizunguka na kalamu ukumbini. Wengi walikuwa na 3, na 5, mmoja 11, wengine hawakutaka kusema na hawakulazimishwa. Alipofika kwa Mama Shemasi, yeye alikuwa ameongeza 4. Mwaka uliopita wakati wa kidonda alikuwa amekonda vibaya, na daktari alifurahi kuona mwili unarudi na sukari ya miezi 3 imeshuka. Kijana akaitazama ile safu, akamtazama mama.

"Mama, hapa hakuna pa kuandika kuongeza."

Waliokuwa karibu walikuwa wamekwisha kusikia. Mwanamke wa sambusa akapiga kigelegele, wakadakia wengine wawili, na kutoka upande wa jikoni mtu aliyekuwa hajui sababu akaitikia vilevile.